Kikwembe cha Ndege kwa Kisanduku cha Poda

Kisanduku kilifika kwetu Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, kikiwa ndani ya soksi ya mtoto, na soksi ikiwa ndani ya mfuko wa unga wa mahindi. Mchuuzi aliyekileta, mwanamke mnene aliyecheka kwa mabega, alikung'uta unga, akaivuta soksi taratibu kama mtu anayechuna sungura, akakiweka mezani mbele ya mama yangu. Hakukisifu. Alijua kwamba kitu cha namna ile hujinadi chenyewe.

Kilikuwa cha rangi ya dhahabu, kikubwa kama kiganja cha mwanamume. Mama alipobonyeza kitasa, kifuniko kiliruka na kioo kikatupa kipande cha jua ukutani. Chini ya kioo vilikaa visahani vinne vya poda iliyoshindiliwa. Viwili vilikuwa vya mashavu, kimoja cha waridi jepesi na kingine cha waridi lililoiva. Viwili vilikuwa vya kung'arisha uso, kimoja cheupe kama lulu, kingine cha dhahabu iliyofifia. Juu ya kila poda palichorwa ua la petali tano, na hakuna petali iliyokuwa imeguswa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na sikuwahi kuona mahali ambapo mtu ametumia akili nyingi kiasi kile kwa ajili ya shavu.

Mama aliuliza kimetoka wapi. Mchuuzi akasema Bulaya, yaani Ulaya. Mama akauliza tena kimepitia wapi, maana unga ule aliujua, ulikuwa wa mpakani.

"Kasumbalesa," mchuuzi akakubali.

"Bulaya ilianza kupitia Kasumbalesa siku gani?"

"Kila kintu kinapitiaka Kasumbalesa, mama. Hata mvua."

Walicheka wote wawili, kisha wakanyamaza, kwa sababu bei ilikuwa bado haijasemwa.

Mama yangu alikuwa mpambaji wa mabibi harusi. Ukoo wetu ulitoka Maniema. Babu alikuja Lubumbashi na cherehani yake, na bibi akaja na kikapu. Kikapu hicho ndicho alichorithi mama. Ndani mlikuwa na wanja, uzi wa kunyolea nyusi, pamba, hina kidogo kwa waliotaka hina, kopo la vazelini, na kopo la maziwa lenye nkula, ule unga mwekundu wa mti ambao mabibi wa nchi hii walijipaka tangu kabla ya reli. Kwa kikapu hicho alikuwa amepamba binti za Waislamu wa mtaa wetu na binti za Wakatoliki wa mtaa wa pili, Waluba, Wabemba, watu wa Kasai. Hakuuliza shavu linasali wapi. Alilishika tu, akaligeuza kwenye mwanga, akaanza kazi.

Lakini mwaka ule mabibi harusi walikuwa wameanza kupungua mlangoni kwetu. Mjini kulikuwa na saluni zenye viti vinavyozunguka na kofia za umeme za kukaushia nywele, na binti aliyetoka huko Jumamosi asubuhi alipita mtaani ndani ya gari, kioo kimeteremshwa, ili aonekane. Tangu mvua zianze mama alikuwa amepata wawili tu. Hakulalamika. Alifungua kikapu, akakipangusa vumbi, akakifunga.

Ndipo akaja mwalimu. Alikuwa binti wa familia moja ya Kasai iliyokaa mwisho wa barabara yetu, alifundisha darasa la pili, na harusi yake ilikuwa Jumamosi ile iliyokuwa inakuja. Alikuja Jumapili baada ya misa, akaketi kwenye ncha ya kiti kama wanavyoketi watu wenye habari mbaya, akamwambia mama kwa adabu yote: "Mama, mi napenda unipambe weye. Lakini tantine anasema, kama hauko na bintu bya Bulaya, tutaenda ku ville."

Tantine huyo alikuwa shangazi yake, na ku ville maana yake mjini, kwenye vile viti vinavyozunguka. Mama aliomba mpaka Ijumaa. Alijua, na mimi nilijua, kwamba barabara nzima ingemtazama mwalimu siku hiyo. Akipambwa mjini, wengine watamfuata, na kikapu cha bibi kitakuwa cha kuwekea vitunguu.

Kwa hiyo kesho yake mchuuzi alipotokea na soksi yake, haikuwa bahati. Habari ya barabara yetu ilikuwa imemfikia kabla hata chai ya mwalimu haijapoa.

Hatimaye bei ikasemwa. Mchuuzi hakutaka pesa. Siku zile noti ilikuwa inachakaa thamani mfukoni kabla ya kuchakaa karatasi, na wanawake waliojua mambo waliweka akiba yao katika vikwembe, ndivyo tunavyoita vitenge. Chama tawala kilikuwa kimekataza mavazi ya Kizungu, kikitaka mwanamke wa nchi avae kikwembe. Wigi zilikuwa zimelazwa chini ya vitanda, na kuhusu poda hakuna aliyekuwa na hakika, ndiyo sababu ya soksi na unga. Lakini kikwembe cha wax, kile cha nta kutoka Holandi, piesi nzima isiyokatwa, bado na karatasi yake, kilikuwa kitu ambacho tangazo lolote la redio lisingeweza kukishusha thamani. Mama alikuwa na piesi tatu katika sanduku la bati chini ya kitanda. Mchuuzi alitaka mbili.

Mama hakushtuka usoni. Alisema tu: "Kilale kwanza."

Kulaza mali ni desturi ya wanawake wa kwetu. Mchuuzi anayemwamini mteja humwachia kitu kilale nyumbani siku mbili tatu, kitazamwe kwa macho ya asubuhi na macho ya jioni, hata kijaribiwe kidogo bila kuachwa alama. Kikiamka kizima na hujakipenda, kinarudi kwa mwenyewe na hakuna neno. Kikiamka na jeraha, ni chako, kwa bei ya siku ya kwanza, bila kupunguziwa. Kila mtu anaijua sheria hiyo na hakuna anayehitaji kuisema. Mchuuzi akakunja soksi yake, akasema atapita Alhamisi asubuhi.

Lazima nieleze jinsi mama alivyopima vitu, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo. Kipimo chake kilikuwa kimoja, cha kikwembe. Kikwembe cha kweli unakinusa kwanza, usikie nta. Kisha unakigeuza, uone kama mgongo una rangi sawa na uso. Kisha unasoma maandishi ya ukingoni. Mwisho unalowesha pembe kwa maji, unaisugua kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikibadilika rangi, kikwembe ni mwongo na aliyekileta pia. Mama alipima hivyo ndoo, viatu, mikeka. Baba alikuwa akisema kwamba hata yeye alinuswa na kugeuzwa mgongo kabla ya kukubaliwa, na kwamba anamshukuru Mungu mvua ilinyesha siku nyingine.

Jumatatu hiyo mama alikinusa kisanduku. Kilinuka waridi, na chini ya waridi kitu kama barua ya zamani. Akakigeuza. Mgongo ulikuwa wa dhahabu sawa na uso, umechongwa herufi ndogo ambazo mimi nilimsomea, kwa Kifaransa, na ambazo hazikusema lolote la maana isipokuwa kwamba vitu vya humo vilikuwa vyepesi kama pumzi. Akafungua na kufunga mara kumi, akisikiliza kitasa. Kisha akaniita nikae kwenye kigoda mlangoni, mahali palipo na mwanga, maana mimi nina ngozi ya baba yangu, nyeusi isiyo na mzaha, na mwalimu alikuwa na ngozi kama yangu.

Alichovya brashi kwenye waridi jepesi, pembeni, nje ya petali, kama alivyofanya kwa kila kisahani. Halikuonekana kabisa, shavu langu lililimeza. Akachovya kwenye waridi lililoiva, akarudia mpaka likakubali kukaa. Kisha poda ya lulu juu ya mifupa ya mashavu na kwenye paji la uso. Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande, na kwa uso wake nilijua kwamba sikuwa nimependeza.

Baba alirudi wakati huo kutoka kiwandani. Alifanya kazi kwenye tanuru la shaba, na alipoingia uani alikuwa na desturi ya kusimama kidogo, kama mtu anayeyapa macho nafasi ya kusahau moto. Alinitazama.

"Nani alimupiga huyu mutoto?" akauliza.

Mama akamwambia ni poda ya Ulaya. Baba akakaribia, akatazama paji la uso. "Na kisha akaangukia mu unga?"

Sikulia, ingawa nilitaka. Nilikuwa nimejitazama katika kile kioo kabla hajaja. Nilichokuwa nimeona ni msichana mwenye alama ya kofi na majivu juu yake, na bado, nakiri, nilikuwa nimetaka kioo kile kiwe changu.

Jumanne mama alinichukua mpaka kwa mpiga picha. Alikuwa mzee mwembamba mwenye chumba kimoja karibu na soko, na pazia lililochorwa roshani na maua ambayo hayaoti popote. Yeye na mama walifahamiana kwa kazi: mama aliwatayarisha mabibi harusi, yeye aliwahifadhi. Mama alimweleza shida. Hoja yake ilikuwa nzuri. Siku ya harusi inapita, alisema, lakini picha ndiyo watakayoitazama watu, na kama poda hii ina faida, faida hiyo ionekane kwenye picha.

Walikubaliana kunipamba nusu kwa nusu. Upande wa kulia wa uso wangu mama alipaka poda za kisanduku. Upande wa kushoto alipaka nkula iliyokorogwa na vazelini kidogo, kama alivyofundishwa na mama yake, na vazelini tupu juu ya mfupa wa shavu. Nilipita sokoni namna hiyo. Mwanamke mmoja muuza samaki akaniuliza kama ninaolewa na wanaume wawili.

Mpiga picha alinikalisha mbele ya roshani, akaniambia nisipepese macho, akaingia chini ya kitambaa chake cheusi. Picha ilikuwa tayari Jumatano mchana. Aliiweka mezani juu ya gazeti, akatusubiri tuone wenyewe.

Mashavu yalikuwa sawa. Kulia na kushoto, hakuna tofauti yoyote, kijivu kimoja kilekile. Waridi la Ulaya na mti wa hapa vilikuwa vimekufa kifo kimoja. Tofauti ilikuwa juu, penye mifupa: upande wa vazelini ulikuwa na mwanga laini, kama paji la mtu aliyetoka kuoga, upande wa lulu ulikuwa na doa lililofifia, kama chokaa iliyofutwa vibaya ubaoni.

"Mama," mpiga picha akasema, "ku mashini yangu rangi haiingiaka. Inaingiaka mwangaza tu."

Mama aliicheka picha ile njia nzima. Ilikuwa imemwokoa, alisema. Kesho angemrudishia mchuuzi mali yake nzima, na Ijumaa angemwekea mwalimu picha mbele ya macho, na huyo tantine pia, wachague wenyewe upande. Aliimba alipokuwa anapepeta mchele. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu mvua zianze.

Jioni hiyo, kabla hatujawasha taa, alikichukua kisanduku akifunge ndani ya kitambaa. Akakifungua mara moja zaidi. Alitazama kisahani cha nne, kile cha dhahabu iliyofifia, ambacho hatukuwa tumekigusa kwa sababu tulidhani ni ndugu wa lulu na kitakuwa na tabia moja. Kisha akachovya kidole kwenye kikombe cha maji, akadondosha tone kwenye pembe ya dhahabu, akasugua kwa pamba nyeupe.

Mkono ulikuwa umefanya kabla ya kichwa. Miaka ishirini ya vikwembe ilikuwa ndani ya kidole kile. Alitaka kuona kama kinachuja.

Kilichuja. Pamba ilitoka na tope la dhahabu, na petali mbili za ua hazikuwapo tena. Akabana unyevu kwa kona ya kanga, akapuliza, akasogeza kisanduku karibu na jiko la makaa. Poda ilipokauka ilikuwa imefanya ngozi ngumu juu, ngozi kama ya uji uliosahauliwa, yenye ufa katikati. Mama alikaa chini kwenye mkeka. Alikuwa amekwisha kuokoka, na sasa kisanduku kilikuwa na jeraha, na jeraha lilikuwa na bei ya piesi mbili.

Mimi ndiye niliyesema tukwangue kwa wembe. Nilisema ile ngozi ya juu ingetoka, poda ya chini ingebaki laini, ua lingepotea lakini nani anahesabu maua, na mchuuzi anakuja asubuhi ana haraka, hatafungua. Mama aliuchukua wembe kweli. Aliushika juu ya kisahani muda mrefu kiasi kwamba nilisikia watoto wa jirani wakimaliza wimbo na kuanza mwingine.

"Yeye hatafungua," akasema mwishoni. "Lakini ule atamuuzishia, yeye atafungua."

Akaurudisha wembe mahali pake. Na kwa hasira, si kwa sababu nyingine, akaipangusa ile pamba chafu nyuma ya mkono wake, akasimama kwenda kuwasha taa.

Baba ndiye aliyeona. Alikuwa ameketi akisubiri chakula, na mama alipomwekea bakuli, alimshika mkono, akaugeuza chini ya taa upande huu na upande ule, kama fundi. Nyuma ya mkono, pale tope la dhahabu lilipokuwa limekauka, ngozi ya mama iliwaka. Haikuwa juu ya ngozi kama vumbi. Ilionekana imetoka ndani.

"Hii njo shaba," baba akasema. "Wakati inatoka mu kalibu, mbele ya kupoa. Muliitoa wapi?"

Mama aliniita. Alilowesha kidole, akagusa kisahani, akanigusa mfupa wa shavu. Akangoja ikauke. Hakuniletea kioo, wala sikukihitaji, kwa sababu niliona uso wake yeye, na baba ambaye alikuwa ameacha kula. Poda ikiwa kavu ilikuwa majivu kwetu, ikilowa ilikuwa mwanga. Watu walioitengeneza hawakuandika hilo popote kwenye mgongo wa kisanduku. Pengine hawakulijua, maana hawakuwa na haja nalo.

Basi, ukipima sawasawa, hali ilikuwa hivi. Waridi mbili hazikuwa na faida. Lulu haikuwa na faida. Kisahani kimoja kati ya vinne kilifaa, tena kwa kutumiwa vibaya. Na bei ilikuwa bado piesi mbili.

Alhamisi mchuuzi alipofika, mama alimfungulia kisanduku kabla hajaketi, akamwonyesha ufa. Mchuuzi alisikitika kweli. Aligusa kile kidonda kwa ukucha, akatikisa kichwa, akasema mambo haya humpata kila mtu, yeye mwenyewe aliwahi kuchemsha saa ya mkono ili ajue kama maji hayaingii. Lakini hakutaja kupunguza, na mama hakuomba. Aliniambia nivute sanduku la bati.

Piesi zilikuwa tatu. Ya kwanza, yenye majani, ilikuwa ya mazishi, nayo haiguswi katika nyumba yoyote yenye akili. Ya pili ilikuwa na mistari ya buluu, ya mama mwenyewe. Ya tatu ilikuwa ya ndege, mbayuwayu weupe juu ya kijani, na nilikuwa nimeijua kama yangu tangu nilipoanza kujua vitu. Ingekatwa siku nitakayoolewa. Nilipokuwa mgonjwa, mama alikuwa akinifunulia kona moja nizihesabu mbawa.

Aliiweka ya buluu mezani. Kisha akakaa na ile ya ndege magotini.

"Hii iko yako," akaniambia, mbele ya mchuuzi. "Sema weye."

Alikuwa na haki ya kuitoa bila kuniuliza. Nimefikiri mara nyingi juu ya jibu langu, nikijaribu kulipatia heshima ambayo halistahili. Sikufikiri juu ya kikapu cha bibi wala juu ya viti vinavyozunguka. Nilikuwa na miaka kumi na minne, harusi yangu ilikuwa mbali kama mji wa Mitwaba, na shavu langu la jana jioni lilikuwa karibu. Nikasema atoe. Mchuuzi akaipokea, akanusa nta, akageuza mgongo, akasoma ukingo. Hakuilowesha. Nyumba ya mama ilikuwa na jina.

Ijumaa mama alimpelekea mwalimu habari kwamba kisanduku kipo, na Jumamosi alikuja asubuhi mapema pamoja na shangazi yake, mwanamke mrefu aliyevaa miwani na kutazama kuta zetu kana kwamba atazipa alama. Mama alifungua kisanduku juu ya meza, kioo kikatupa jua lake, na shangazi akatikisa kichwa kuridhika, akatoka uani kungoja gari. Hapo mama akamgeuza mwalimu kwenye mwanga na kuanza. Nyusi kwa uzi. Wanja. Kwenye mashavu akapaka nkula, akaisambaza kwa kiganja mpaka haikujulikana inaanzia wapi. Kisha akachovya kidole majini, akagusa dhahabu, akaiweka juu ya mifupa ya mashavu, katikati ya nyusi, na kwenye mitulinga.

Mwalimu alikuwa na macho ya darasani. Alikuwa ameona kopo la maziwa.

"Mama, ya mu mashavu iko ya Bulaya?"

Mama angeweza kusema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo. Alimwambia hapana, ya mashavu ni nkula. Waridi hizi zilitengenezewa mashavu mengine, na kama hamwamini atampaka, aone, kisha atamwosha. Ile inayong'aa ndiyo ya kisanduku. Akampa kioo.

Mwalimu alijitazama muda mrefu, huku na huku. Uani gari lilipiga honi. Akakirudisha kioo mezani, akainuka, akajiweka sawa kikwembe kiunoni.

"Usimwambie tantine," akasema.

Tantine alipomwona akitoka mlangoni aliondoa miwani. Aliwaambia waliokuwapo, na baadaye aliuambia mtaa mzima, kwamba kitu cha Ulaya kinaonekana tu, hakifichiki, tazama yale mashavu. Mama alisimama nyuma ya mlango, pamba mdomoni ili asicheke.

Mabibi harusi walirudi, si wote. Saluni hazikufungwa kwa ajili yetu. Lakini kikapu hakikuwekwa vitunguu, na kwa miaka iliyofuata kisanduku kilisafiri ndani yake, kimefungwa kwenye soksi ileile ambayo mchuuzi alitusahaulia ile Alhamisi. Mama alikifungua mbele ya kila binti. Aliyeuliza aliambiwa. Wengi hawakuuliza. Ua la dhahabu lilikwisha, ikafuata poda yenyewe, mpaka bati likaanza kuonekana katikati, kwanza kama jicho la sindano, kisha kama sarafu. Waridi na lulu zilibaki na petali zao zote kumi na tano.

Siku moja, nikiwa tayari mwanafunzi wa chuo kikuu na mwenye kupenda kuuliza watu maswali, nilimuuliza kama kilistahili. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Kisanduku, hapana," akasema. "Kasahani kamoja, ndiyo. Lakini habauzishe kasahani kamoja."

Mimi niliolewa mwaka jana. Vikwembe vya Holandi vimekuwa vitu vya wake za wakubwa, na mama alinifunga kikwembe kilichochapwa hapahapa nchini, kizuri, chenye duara nyekundu. Alikiloweshea pembe dukani bila aibu na hakikuchuja sana. Hatukuzungumza habari za ndege. Aliponikalisha kwenye kigoda mlangoni, alikifungua kisanduku, akachukua njiti ya kiberiti, akailowesha, akaizungusha pembeni mwa kile kisahani cha dhahabu, chini kabisa, mahali ambapo bati hukutana na ukingo na kidole hakifiki. Alikwangua polepole, akakusanya, akakwangua tena. Ilitosha shavu moja, la kushoto. La pili alilipaka vazelini.

Mpiga picha alikuwa yuleyule, sasa na miwani mizito, na roshani ileile nyuma yetu imepauka maua. Alinikalisha kandokando ya mume wangu, akaingia chini ya kitambaa, akatoka. Alinishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuza upande wa kulia ili shavu la dhahabu lielekee mashini, akarudi chini ya kitambaa chake.